Picha Mbovu za Wapiga Picha wa Kwanza

Kila fundi ana mwalimu wake. Seremala hukaa miaka kwa seremala aliyemtangulia, na mfua fedha huvuta mvukuto wa mkubwa wake akikosolewa kila siku mpaka mkono unyooke. Lakini watu waliobuni ufundi wa kupiga picha hawakuwa na wa kuwakosoa. Hapakuwa na mzee wa kazi, wala kitabu, wala picha njema ya mtu mwingine ambayo ingeweza kuwekwa kando ya ile mbaya ili tofauti ionekane. Mwalimu wao alikuwa mmoja tu, nazo ni zile picha zao wenyewe zilizoharibika. Walikaa mbele yake wakazihoji, na kwa majibu waliyoyapata sanaa yote ikajengeka.

Mmoja wao alikuwa Mwingereza, William Henry Fox Talbot, aliyezaliwa mwaka 1800 na kukaa katika nyumba ya kale iitwayo Lacock Abbey. Alikuwa mtu wa hisabati, mwenye elimu nyingi, ila mkono wake haukujua kuchora. Mwezi wa Oktoba 1833, akiwa pamoja na mkewe Constance kando ya Ziwa Como nchini Italia, alijaribu kuichora mandhari kwa msaada wa chombo chenye kipande cha kioo cha pembe, ambacho humwonyesha mchoraji sura ya kitu kana kwamba imelala juu ya karatasi. Kazi ya mchoraji ni kuifuata tu kwa kalamu. Talbot aliifuata, lakini alipoondoa jicho penye kioo na kuitazama karatasi, aliona mistari ya kusikitisha. Mwingine angelaumu kalamu, au angekubali kwamba hakujaliwa kipawa, akaenda zake kutembea ufukweni. Yeye aliutazama mchoro wake mbaya akajiuliza kosa limeingia wapi. Sura iliyoletwa na nuru ilikuwa nzuri na kamili. Kilichoiharibu ni mkono. Basi, je, haiwezekani nuru yenyewe ikaandika bila ya mkono kuingilia? Katika kumbukumbu zake mwenyewe, hapo ndipo anapoweka chanzo cha kazi yake yote.

Aliporudi kwao alianza kupaka karatasi maji ya chumvi, na juu yake nitrati ya fedha, kisha kuianika juani. Karatasi za namna hiyo zilikuwa zikibadilika rangi polepole mno, hata hazikufaa kitu. Lakini katika majira ya kuchipua ya mwaka 1834 aliona jambo dogo ambalo mtu mwenye haraka asingelitazama mara mbili. Baadhi ya karatasi zake hazikuiva sawasawa. Sehemu fulani, aghalabu karibu na ukingo wa mahali brashi ilipopita, zilikuwa zikigeuka nyeusi upesi kuliko sehemu nyingine. Kwa macho ya kawaida hiyo ni kazi chafu, dawa iliyopakwa ovyo. Talbot alisita kuzitupa. Alifikiri kwamba pale ukingoni huenda chumvi ilikuwa haba kuliko katikati, akafanya jaribio kwa kupunguza chumvi makusudi karatasi nzima. Ikaiva haraka kama ulivyokuwa ukiiva ule ukingo. Kisha akaigeuza hoja: ikiwa chumvi haba huharakisha, huenda chumvi nyingi huzuia. Naam, karatasi iliyooshwa kwa maji ya chumvi nyingi ilipunguza sana ukali wake mbele ya jua, na picha iliyokwisha kupatikana ikaweza kuhifadhika kwa kiasi. Mambo mawili makubwa, kuipata picha na kuizuia isipotee, yalitoka katika waa moja la ukingoni.

Mwaka 1835 aliagiza visanduku vidogo vya mbao, akatia lenzi upande mmoja na karatasi yake upande wa pili. Mkewe aliviita mitego ya panya, na ni kweli vilikuwa vikitegwa huku na huku kuizunguka nyumba kwa nusu saa hivi, kisha vikakusanywa. Katika mwezi wa Agosti mwaka huo kimoja kilinasa sura ya dirisha la vioo vidogo vidogo. Kijipicha hicho, ambacho ukubwa wake hauzidi sana stempu ya barua, kingalipo, nacho ndicho negativu ya kamera ya zamani kuliko zote zinazojulikana. Yaani picha ambayo penye nuru huwa peusi na penye giza huwa peupe. Kando yake Talbot aliandika maneno machache ya kueleza kwamba, ilipokuwa mpya, vipande vya kioo vya dirisha, kiasi cha 200, viliweza kuhesabiwa kwa msaada wa kioo cha kukuza. Maneno hayo yafaa kusomwa taratibu. Hayasifu. Yamekwenda na kioo cha kukuza juu ya kazi changa na kuhesabu ilichofanikiwa. Na kwa kusema ilipokuwa mpya, yamekiri pia kwamba haiko tena kama ilivyokuwa. Mtu hawezi kuitendea kazi yake mwenyewe haki zaidi ya hiyo kwa mistari miwili.

Kisha alipumzika, na kupumzika huko kulimgharimu. Tarehe 7 Januari 1839 ilitangazwa mjini Paris kwamba Mfaransa Louis Daguerre amepata njia ya kunasa picha juu ya bamba la fedha. Talbot alitoka mbio na karatasi zake, akazionyesha London kabla mwezi haujaisha. Lakini rafiki yake, mtaalamu wa nyota John Herschel, alipokwenda Paris mwezi wa Mei na kuziona picha za Daguerre, alimwandikia barua bila kumficha neno: picha zile ni karibu na miujiza. Sasa Talbot alikuwa na kipimo nje ya nafsi yake, na kipimo hicho kilimwonyesha kwamba karatasi zake zina ukungu na zinakula muda. Jibu halikutoka Paris. Mwezi wa Septemba 1840 alikuwa akijaribu dawa yenye asidi ya galiki, akaona kwamba karatasi iliyokaa muda mfupi ndani ya kamera, ikatoka tupu haina hata alama, yaweza kuonyesha picha kamili ikipakwa dawa hiyo gizani. Karatasi aliyodhani imeshindwa ilikuwa na picha ndani yake muda wote, imejificha. Tangu hapo muda wa kupiga ukapungua ukawa dakika chache, na desturi ya kusafisha picha kwa dawa baada ya kupiga, iliyotumika karne nzima na zaidi, ikaanzia hapo.

Kati ya mwaka 1844 na 1846 alitoa kitabu cha picha zake 24, The Pencil of Nature, akiziandikia maelezo moja moja. Penye picha ya Queen's College, Oxford, anaeleza kwamba mpiga picha huweza kuichunguza kazi yake, pengine baada ya muda mrefu, akakuta mambo ambayo hakuyaona alipopiga: maandishi na tarehe juu ya majengo, au uso wa saa iliyo mbali, na juu yake saa ile ile ambayo picha ilipigwa. Kwa mchoraji hilo haliwezekani, maana hachori asichokiona. Mpiga picha hupiga asichokiona kila siku, na ndiyo sababu analazimika kuirudia kazi yake kwa macho ya mgeni. Baadhi ya picha alizochapa Talbot zilififia mikononi mwa wanunuzi. Alizitazama hizo nazo, na miaka yake ya baadaye akaitumia kutafuta njia ya kuchapa picha kwa wino usiofifia.

Yule Herschel alikuwa na rafiki mwingine, Julia Margaret Cameron, mzaliwa wa Calcutta. Mwezi wa Desemba 1863, alipokuwa na umri wa miaka 48, binti yake na mkwewe walimpa kamera. Banda la makaa likawa chumba cha giza, na nyumba ya kuku ikawa mahali pa kupigia. Kwa hesabu ya vitabu hakuwa mtu wa mwanzo tena, kwani wapiga picha walikwisha kuwa wengi na kanuni zao zimeandikwa. Lakini yeye mwenyewe hakujua hata pa kuisimamisha kamera. Alimlipa mkulima wa jirani shilingi mbili na nusu kwa saa ili akae mbele yake, na baada ya saa nyingi za kujaribu akapata picha yake ya kwanza, akaiinua kwa furaha ili ikauke, na kwa mkono wake mwenyewe akaifuta. Akajaribu watoto wawili pamoja. Mmoja akaangua kicheko, picha ikapotea. Hapo akapunguza tamaa, akachukua mtoto mmoja peke yake, Annie Philpot, na mwezi wa Januari 1864 akapata picha aliyoiita mafanikio yake ya kwanza.

Waandishi wa magazeti ya picha hawakumwonea huruma. Walisema picha zake hazikulengwa vizuri, zina ukungu, zina alama za vidole na mavumbi. Cameron hakukana kwamba ukungu ule uliingia kwa bahati. Katika maelezo ya maisha yake aliyoyaandika mwaka 1874 anakubali neno la mwanawe kwamba mafanikio yake ya kwanza yalikuwa ya kubahatisha: alipokuwa akisogeza lenzi akafika mahali palipopendeza macho yake, alisimama hapo, wala hakuendelea mpaka kila unywele uhesabike. Lakini alipoitazama ile bahati aliipenda, akaifanya kanuni. Na kwa Herschel aliandika kuuliza ni nani mwenye haki ya kuamua lenzi isimame wapi. Wakosoaji wake hawakukosa kwa kila neno. Alama ya kidole juu ya shavu la mtu ni alama ya kidole tu, na wapenzi wa Cameron wanaoitafutia hekima wanajisumbua bure. Kwa habari ya ukungu walishindwa wao: mwaka 1867 alimpiga picha Herschel mwenyewe, mzee mwenye nywele nyeupe zinazotimka, macho yakimetameta gizani, na mabamba mengi yaliyolengwa kwa kanuni siku zile hayatazamwi leo kama inavyotazamwa hiyo.

Kasoro nyingine hakuipenda kamwe. Negativu zake za kioo zilianza kupasuka ngozi ya juu, mistari midogo ikatambaa usoni mwa watu aliowathamini, na mwaka 1869 alimwandikia Henry Cole, mkuu wa makumbusho ya South Kensington, akilia juu ya msiba huo. Wenye ujuzi wakamwambia huenda ni hewa ya bahari, kwa kuwa alikaa kisiwani. Aliendelea kupiga picha pale pale, karibu na bahari, mpaka mwaka 1875 alipohamia Ceylon pamoja na mumewe.