Tunda, Mvinyo na Kijiko

Jagi la sangria linapofika mezani huko Hispania, kazi ya tunda imekwisha. Machungwa, malimau na mapichi yamelala ndani ya mvinyo mwekundu kwa saa kadhaa, pamoja na sukari, kijiti cha mdalasini na brandi kidogo. Utamu wote umehamia kwenye mvinyo. Hata jagi la jadi hufinyangwa likiwa na mdomo uliobanwa, ili wakati wa kumimina vipande vibaki ndani. Wahispania na Wareno wanakithamini sana kinywaji hiki: kwa sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014, jina sangria likisimama peke yake kwenye chupa ni la kile kilichotengenezwa katika nchi zao mbili tu.

Vuka Atlantiki hadi Argentina na Uruguay, mambo yanageuka. Krismasi ya huko huangukia katikati ya kiangazi, na sikukuu huletewa clericó: mvinyo mweupe uliopozwa sana, umejaa stroberi, mapichi, matufaha, nanasi, hata ndizi, vyote vimekatwa vidogo vidogo. Bilauri hutolewa na kijiko. Huko mvinyo ndio mchuzi, tunda ndilo chakula. Inasemekana jina lenyewe limetokana na claret cup, kinywaji cha Waingereza cha mvinyo mwekundu wa Bordeaux. Jina limebaki, rangi imebadilika.

Tofauti hiyo ya kijiko ndiyo inayonivutia, maana ndiyo inayoamua kila kitu jikoni. Tunda litakalotupwa linaweza kurowekwa hata usiku kucha, likatwe na maganda yake, lichoke. Tunda litakaloliwa lataka heshima nyingine: limenywe, likatwe saizi ya kuingia kinywani, liingie kwenye mvinyo muda mfupi kabla ya wageni. Niliwahi kuwaandalia ndugu zangu bakuli kubwa la mvinyo mwekundu wa Dodoma, nikaziweka ndizi tangu jana yake kana kwamba ni machungwa. Asubuhi nilikuta uji. Kosa halikuwa la mvinyo wala la ndizi. Nilichukua tunda la watu wa kijiko nikalipa subira ya watu wa jagi.

Wajerumani wana njia ya tatu, nayo ndiyo yenye adabu kuliko zote. Katika Maibowle, bakuli la mwezi Mei, kinachotangulia ni jani la msituni liitwalo Waldmeister. Likiwa bichi halinukii sana. Likinyauka ndipo harufu yake hufunguka, kama ya nyasi kavu na vanila. Kwa hiyo huachwa linyauke, likafungwa kitita na kuning'inizwa kichwa chini ndani ya mvinyo mweupe, ncha za mashina zikibaki nje. Baada ya nusu saa hivi hutolewa, kwa sababu kemikali ya kumarini iliyomo kwenye jani hilo ikizidi huleta maumivu ya kichwa. Mvinyo wenye mapovu humiminwa mwisho kabisa, mapovu yasije yakapotea.

Siku hizi, kabla sijashika kisu, huwahesabu wageni, kisha hufungua droo kuona kama vijiko vitawatosha. Vikitosha, sianzi kukata matunda mpaka saa ya mwisho.