Diploma hawakuwa nayo, kazi walikuwa nayo



Masolo haya yanarudi kila mara kati yetu: kijana aliyejifundisha mwenyewe kuchora afishi, logo na mabango, leo kwa brashi, kesho kwa telefone, tumwite dizaina ama hapana? Wengine wanasema bila diploma huyo ni wa kubahatisha tu. Wengine wanasema shule haina kazi tena, kila kitu kiko kwenye intaneti. Mimi nafikiri pande zote mbili zimesahau historia yetu, na historia hiyo inapita hapahapa Tunda.

Patrice Lumumba alizaliwa Onalua, upande wa Sankuru, mwaka 1925. Alipita shule za misioni, na moja kati yake ilikuwa shule ya wauguzi ya Wametodisti hapa Tunda. Hakuimaliza. Akatoka, akafanya kazi ya ukarani Kalima, katika Symétain, kampuni ya madini ya bati. Kiisha akafika Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, akaingia posta. Huko alisoma vitabu, akafuata masomo kwa njia ya barua, akaandika makala magazetini. Mwaka 1947 alienda kusoma shule ya posta Léopoldville. Chuo kikuu hakukanyaga kama mwanafunzi, na si kwa uvivu: Lovanium ilifunguliwa 1954 tu, wakati yeye alikuwa mtu mzima mwenye kazi. Alipokuwa waziri mkuu mwaka 1960, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu walikuwa wachache sana. Hesabu inayotajwa mara nyingi haifiki watu 30.

Kwa hiyo kizazi kile hakikujifundisha kwa kujionyesha. Mlango ulikuwa umefungwa, wakapita dirishani. Na popote dirisha la shule lilipofunguka, kama ile ya posta, waliingia mbio.

Sasa tutoke kwenye siasa tuingie kwenye kuchora, juu kuna mtu aliyechora maisha ya Lumumba picha kwa picha. Anaitwa Tshibumba Kanda Matulu, alizaliwa Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1947. Lumumba alipouawa karibu na mji huo tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Mpolo na Okito, Tshibumba alikuwa mtoto wa miaka kama 13. Alipokua akawa mchoraji wa kujifundisha. Kitambaa chake kilikuwa gunia la unga. Shule yake ilikuwa wateja: familia za mjini zilizotaka picha ya kutundika saloni. Mteja anapokulipa makuta yake machache, anakufundisha haraka. Picha lazima ieleweke kutoka mlangoni. Rangi lazima iseme kabla ya mtu kusogea. Maneno machache yaandikwe ndani ya picha ili mgeni asiulize. Katika picha yake moja ya kifo cha Lumumba aliweka misalaba mitatu kwa nyuma, na kila mtu aliyepita kanisani alielewa bila kufafanuliwa. Wandugu, hiyo ndiyo dizaini, hata kama hakuna aliyeiita hivyo.

Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaantropolojia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu Lubumbashi, picha 101 za historia ya nchi, na akamweleza kila moja kwa Kiswahili. Kitabu juu ya picha hizo kilitoka 1996. Lakini mchoraji mwenyewe, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, hajulikani alipo. Picha zimehifadhiwa makumbusho ya Amsterdam. Mtu aliyezichora, hapana. 

Tumlinganishe na mwingine wa rika lake. Bodys Isek Kingelez alizaliwa 1948 katika kijiji cha Kimbembele-Ihunga, akafika Kinshasa mwaka 1970, akafundisha shule. Hakusomea usanifu wa majengo. Karibu na mwisho wa miaka ile alichukua karatasi, makasi, wembe na gundi, akajenga jengo dogo la kuweka mezani. Akalipeleka makumbusho ya taifa. Wakubwa wa pale hawakuamini. Walifikiri ameliiba mahali. Wakamwambia: tengeneza lingine hapahapa, tukikuangalia. Akatengeneza. Wakampa kazi ya kurekebisha vitu vya kale vilivyoharibika. Baadaye akaacha, akaendelea na miji yake ya karatasi. Mwaka 1989 kazi yake ilionyeshwa Paris, na mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kufa, makumbusho ya MoMA ya New York ilimpa maonyesho yake peke yake. Alijiita dizaina, msanifu, mhandisi, bila kuomba ruhusa.

Tofauti ya hawa wawili haikuwa kipaji. Wote walikuwa nacho. Tofauti ni kwamba mmoja alikutana na watu wenye mashaka ambao walimpa mtihani, na alipofaulu wakampa ufunguo. Mashaka si dhambi. Dhambi ni kuwa na mashaka halafu usimpe mtu nafasi ya kujibu.

Najua kuna kazi ambazo diploma ni lazima. Sitaki mtu ajifundishe kupasua tumbo hospitalini kwetu, wala kujenga daraja juu ya Lualaba kwa video. Lakini afishi inaonekana kwa macho. Iko wazi mezani: inasomeka ama haisomeki. Hapo karatasi ya chuo haitusaidii kuliko macho yetu wenyewe.

Basi mimi napendekeza kwa chama chetu mambo matatu. Kwanza, tukihitaji afishi ama bango, tuite vijana wote, wenye diploma na wasio nayo, walete kazi tatu za zamani na wafanye moja mbele yetu. Pili, atakayeshinda alipwe, na jina lake liandikwe chini ya kazi. Tusimfanyie yale yaliyompata Tshibumba. Tatu, sisi tuliosoma tumpe kile tulichopata shuleni na yeye hakupata: kuandika mkataba, kupanga bei, kusahihisha Kifaransa cha bango kabla halijachapwa.

Na wewe mdogo wangu unayejifundisha usiku na telefone ya asilimia kumi, usitumie jina la Lumumba kukimbia darasa lililo wazi. Yeye angeingia. Lakini kama minerivali imekosekana na mlango umefungwa, endelea kuchora, weka kila kazi yako mahali salama, andika jina na mwaka. Siku watakapokuambia "fanya tena tukikuangalia", usikasirike. Chukua makasi.