Geuza mkate, upate temka

Ugomvi ulianzia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mpwa wangu alituma lile fumbo la matunda lililozunguka dunia mwaka 2016, na ambalo hadi leo halijachoka kutembea. Epo tatu ukizijumlisha ni 30. Epo moja na vichane viwili vya ndizi ni 18. Kichane kimoja ukitoa nazi ni 2. Sasa nazi, epo na kichane ni ngapi? Kaka yangu, ambaye kazi yake ni uhasibu, alijibu 16 chai ikiwa bado inafuka. Binti yake wa darasa la sita akamwambia: baba, hesabu ndizi. Vichane vya juu vina ndizi nne nne, cha mwisho kina tatu. Nazi ya juu ni vipande viwili, ya chini ni kipande kimoja. Jibu lake likawa 14. Kundi likawaka moto. Hadi adhuhuri shemeji mmoja alikuwa amejitoa.

Shangazi yetu, mzaliwa wa Ng'ambo, Unguja, hana simu ya kuonyesha picha. Ujumbe wa kundi husomewa. Alisikiliza mabishano yote, akameza mate ya tambuu, akauliza: "Na hao wanaogombania ndizi, yupo anayejua zindi ni kitu gani?"

Hakuwepo.

Zindi ni ndizi. Umechukua silabi ya mwisho ukaitanguliza mbele. Mchezo huo unaitwa kinyume, na utotoni mwa shangazi kila mtoto wa mtaani aliujua, hasa pale alipotaka kusema jambo mbele ya mkubwa bila mkubwa kuambulia kitu. Mkate ni temka. Samaki ni kisama. Chapati ni tichapa. Wali ukiugeuza unakuwa liwa, na hapo shangazi hucheka peke yake, maana wali hauna kazi nyingine duniani. Nazi hairuhusiwi kugeuzwa mbele ya wazee. Jaribu mwenyewe utaona sababu. Halafu kuna swali la mtego: kitoweo gani ukikigeuza hakigeuki? Watoto huhangaika na maharage, na mchicha, na dagaa, hadi mmoja apige kelele: kuku!

Nilidhani ni mzaha wa nyumbani kwetu. Kumbe una zaidi ya miaka 150 kwenye maandishi. Edward Steere, mmisheni wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa), alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, na wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa vijana waliokamatwa kwenye majahazi ya watumwa. Wengi humkumbuka Steere kwa kanisa kuu la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Mimi namkumbuka kwa mwaka 1870, alipotoa kitabu cha hadithi alizosimuliwa na wenyeji, Swahili Tales, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa unaoukabili. Kando ya masultani na majini ya hadithi hizo, aliandika pia kinyume. Mtu mzima, msomi wa sheria, aliyekuja kuhubiri Injili, alikaa chini akaandika jinsi watu wa Unguja wanavyogeuza maneno. Sijui ni wangapi miongoni mwa wasomi wetu wa leo wangeona jambo hilo linastahili wino.

Ukiutazama mchezo huu vizuri unakuta ndani yake somo zima la tahajia. Wamarekani wana mashindano ya taifa ya kutaja herufi za maneno tangu mwaka 1925, na yana maana kwao, kwa kuwa herufi za Kiingereza haziaminiki. Neno linatamkwa huku likiandikwa kule. Mtoto wa Kiswahili ukimwambia ataje herufi za "mkate" atakuona umepungukiwa. Linaandikwa linavyotamkwa, basi. Ugumu wetu, na kwa hiyo raha yetu, upo kwenye silabi: kujua "mkate" inakatika wapi, kwamba ile "m" ni silabi inayojitegemea, na kwamba "mbe" ya embe haipasuki. Mtoto anayesema "mbee" badala ya embe bila kusita ameshajua ambacho mwalimu anahangaika kumfundisha ubaoni kwa ba, be, bi, bo, bu. Tena mchezo huu haukuhitaji ubao wala karatasi. Ulichezwa na watoto waliosoma chuoni kwa herufi za Kiarabu, na walioanza kusoma kwa herufi za Kilatini, na wasiosoma kabisa, kwa sababu ni wa sikio.

Lakini kwa nini chakula? Shangazi ana jibu la mkato: kwa sababu wakati wa mafumbo ulikuwa wakati wa kungoja chungu. Mchana tulikatazwa vitendawili. Jioni, maharage yakikataa kuiva, ndipo mtu alipotega, na aliyeshindwa akatoa mji. Yai likawa nyumba isiyo na mlango. Nazi, nanasi, muwa, vyote vilipita kwenye kitendawili kabla ya kufika mdomoni, na tumbo lenye njaa lilikuwa halisahau.

Katika kitabu hicho hicho cha Steere kuna kisa cha chakula ambacho, kwa maoni yangu, ndicho fumbo kubwa kuliko yote ya mwambao. Ni kisa cha Liongo. Kila aliyesoma fasihi ya Kiswahili anajua mwisho wake: sindano ya shaba, kitovu, mwana aliyemsaliti baba. Mwisho huo umekula sifa zote. Mimi nasimama gerezani.

Liongo amefungwa. Mfalme anamwogopa kwa nguvu zake na kwa jina lake, na amemtia pingu na minyororo, walinzi mlangoni. Kila siku mama yake anapika chakula kizuri na kumtuma kijakazi wake, Saada, akipeleke. Kila siku walinzi wanakipokea, wanakila, na mfungwa anaachiwa makombo. Mtu mwingine angelalamika. Liongo anakaa akiuangalia ulafi ule kama mtu anayeangalia mahesabu. Walinzi wanakula kilicho kizuri. Hawakosei hata siku moja. Basi kilicho kibaya kitapita.

Ndipo akamtuma Saada kwa mama yake, ujumbe ukiwa katika beti: apike chakula kizuri kama kawaida, na pamoja nacho aoke mkate wa wishwa, na ndani ya mkate atie tupa. Kwa wasiojua, wishwa ni makapi yanayobaki nafaka inapopepetwa. Chakula cha kuku, si cha mtu. Mama akaelewa. Walinzi wakapokea sinia, wakala vinono, wakauona ule mkate wa makapi, wakacheka, wakamrushia mwenyewe.

Watu wengi husema Liongo aliwashinda walinzi kwa ushairi. Nadhani tunamsifia mahali pasipo pake. Ubeti ulisema mambo waziwazi. Asiyetaka kuusikiliza ndiye hakuusikia. Fumbo halikuwa kwenye shairi, lilikuwa kwenye mkate, na walinzi walilitegua wenyewe vibaya kwa sababu waliamini kwamba thamani ya chakula ni ladha yake. Baada ya hapo ikabaki kelele ya tupa juu ya chuma, na kwa hilo Liongo aliomba ngoma. Watu wakaimba na kupiga matoazi nje, yeye ndani anakata. Alipotoka waliokuwa wakiimba walikimbia. Muhammad Kijumwa wa Lamu alipokiandika kisa cha Liongo kwa utenzi mwaka 1913, miaka 43 baada ya kitabu cha Steere, kilikuwa bado kinatembea midomoni mwa watu.

Mkate una fumbo jingine, na hili ni la hesabu tupu. Katika masimulizi ya Kiislamu linaegemezwa kwa Sayyidna Ali. Watu wawili wamekaa kula, mmoja ana mikate mitano, wa pili ana mitatu. Akapita mgeni, wakamkaribisha, wakala wote watatu sawa kwa sawa hadi mikate ikaisha. Mgeni akaacha dirhamu nane, akaenda zake. Mwenye mitano akasema: tano zangu, tatu zako. Mwenye mitatu akakataa, akitaka nne kwa nne. Wakaenda kwa Ali. Ali akamshauri mwenye mitatu achukue zile tatu anazopewa, maana ni kheri kwake. Akang'ang'ania haki. Basi haki yako, akaambiwa, ni dirhamu moja.

Mpe mtoto hesabu hii umtazame uso. Kata kila mkate vipande vitatu. Mikate minane ni vipande 24, na kila mlaji kala 8. Mwenye mitatu alitoa vipande 9, kala 8, mgeni kamlia kimoja. Mwenye mitano alitoa 15, kala 8, mgeni kamlia 7. Saba kwa moja. Leonardo wa Pisa, anayejulikana kama Fibonacci, ambaye hesabu alijifunza ujanani huko Bugia, Algeria ya leo, aliweka fumbo la namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1202, mikate ikiwa mitatu na miwili.

Wapo watakaoniuliza kama fumbo hilo ni letu. Haya, nichukue lililoandikwa kuwa la Unguja. Marcia Ascher, mwanahisabati wa Marekani, alichapisha mwaka 1990 makala kuhusu mafumbo ya kuvuka mto, na kati ya yale ya Kiafrika aliyoyapanga lipo la Waswahili wa Zanzibar. Mgeni amekataa kumlipa sultani ushuru. Sultani akampa mtihani: avushe mto chui, mbuzi na majani ya mti, katika chombo kinachombeba yeye na vitu viwili tu. Viwili kati ya vitatu hivyo visiachwe ufukweni peke yao. Anavuka na mbuzi na majani, anayashusha majani, anarudi na mbuzi yule yule, anampakia chui, anavuka. Safari tatu.

Wazungu wanalo la mbwamwitu, mbuzi na kabichi, ambalo linahusishwa na Alcuin, mwalimu katika baraza la mfalme Charlemagne karibu na mwaka 800. Chombo chao kinabeba kitu kimoja tu, na safari ni saba. Lakini katika makala ya Ascher aliyenipendeza ni mtu wa Waila, Zambia. Huyo ana chui, mbuzi, panya na kapu la mahindi. Anafikiri amwache panya, anafikiri amwache chui, anaona wote ni kama wanawe. Mwishowe anaamua asivuke, akae alipo. Nimewatajia jibu hili walimu wawili wa hesabu. Mmoja alisema si jibu. Wa pili alinyamaza kidogo akasema ni jibu la mzazi.

Yaliyofuata ni ya vitabu vya shule na yanajulikana: Kiunguja kilichaguliwa Mombasa mwaka 1928 kiwe msingi wa lugha sanifu, Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka 1930, tahajia ikatulia, na vitendawili vikaingia darasani vikiwa na majibu yake nyuma ya kitabu. Kitendawili chenye jibu nyuma ya kitabu hakimlipishi mtu mji.

Kinyume hakikuingia hata huko. Mwezi uliopita nilizungukia maduka ya vitabu katikati ya Dar es Salaam nikitafuta kitabu cha mafumbo cha kumnunulia mtoto wa miaka minane. Nilipata vya Kiingereza, vya rangi nzuri, ambavyo ndani yake mtoto anatafutishwa herufi za keki na kuhesabishwa vipande vya pai. Nikauliza cha Kiswahili, nikapewa kitabu cha kujiandaa na mtihani. Muuzaji hana kosa, anauza kinachochapishwa. Tangu mtaala wa KKK wa mwaka 2015 tunasema sana kuhusu kusoma, kuandika na kuhesabu, na mchezo unaofanya mawili kati ya matatu hayo kwa wakati mmoja, bila gharama, hatujaufikiria.

Nilirudi kwa shangazi mikono mitupu. Alikuwa uani, anaepua maandazi, mjukuu wake kasimama karibu mno na sinia. Akamzuia kwa mwiko, kisha akamtungia hapo hapo:

Maandazi thenashara, nimepanga siniani,
Kaja Juma na Zuhura, wakala sita chumbani,
Yaliyobaki kwa kura, nusu kapewa jirani,
Nambie bila papara, yamo mangapi mwishoni?

Mtoto akauliza thenashara ni ngapi. Akaambiwa kumi na mawili. Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza, akafungua kinywa kutaka kujibu.

"Kwa kinyume," shangazi akasema. "La sivyo huli."

Kimya. Jicho kwenye sinia, jicho kwa bibi yake.

"Tumata, bibi."

Akapewa moja. Akadai kwamba amejibu mawili, hesabu na maneno, na mabishano yakaanza upya.