Fizi-Baraka: Exetat na wanaoirudia wakiwa kazini, historia ndefu kuliko tunavyodhani

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa taifa ambao wote tunauita Exetat yanapotoka, mitaa ya Baraka hujaa kelele. Waliofaulu wanamwagiwa poda kichwani, simu zinaita hadi usiku. Lakini miongoni mwao wamo watu ambao waliacha kuvaa sare ya shule miaka mingi iliyopita: mwalimu wa shule ya msingi, mhudumu wa kituo cha afya, dereva wa pikipiki, mama muuza ndagaa. Hao ndio wanaoitwa autodidakti. Wengi wao hawafanyi mtihani huu kwa mara ya kwanza.

Mtaani wanachekwa. "Mtu mzima bado anatafuta diploma?" Historia ya nchi yetu, na zaidi ile ya Territwari ya Fizi, inaonyesha kwamba kicheko hicho hakina msingi.

Mtihani ulivyozaliwa

Congo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, ukiacha mapadri, Wakongomani wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika 30. Thomas Kanza, wa kwanza asiye padri kupata shahada hiyo, alimaliza masomo yake Louvain, Ubelgiji, mwaka 1956. Chuo Kikuu cha Lovanium, kando ya Léopoldville, kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1954 tu. Wabelgiji na misheni walijenga shule nyingi za msingi, lakini mlango wa sekondari kamili uliachwa mwembamba sana.

Baada ya uhuru watu walitaka shule, na sekondari zikaongezeka haraka kuliko walimu. Serikali ilihitaji kujua nani amemaliza kweli. Ndipo mwaka 1967, chini ya Mobutu, ulianzishwa mtihani mmoja kwa nchi nzima. Wazo lilikuwa zuri: mtoto wa Kinshasa na mtoto wa kijiji cha mbali wapimwe kwa kipimo kimoja. Ukipata asilimia 50, una diploma ya serikali. Ukikosa, chuo kikuu kimefungwa kwako hata kama umesoma miaka yote sita ya sekondari.

Mwaka huo huo, milimani kwetu

Kipimo kilikuwa kimoja, lakini maisha hayakuwa mamoja. Fizi ilikuwa imeingia katika uasi tangu mwaka 1964. Mwezi wa Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma na kufika Kibamba, akaondoka Novemba bila kufanikiwa. Tarehe 24 Desemba 1967, mwaka ule ule wa Exetat ya kwanza, Laurent-Désiré Kabila na wenzake waliunda chama cha PRP katika milima ya Fizi. Maquis hayo yalidumu hadi miaka ya 1980. Mtihani wa dola haukuwa na nafasi mahali ambapo dola yenyewe haikutawala. Kwa hiyo, tangu mwanzo kabisa, wapo watoto wa Fizi waliopitwa na umri wa shule kwa sababu walizaliwa upande wa mlima uliokuwa na vita, na si kwa uvivu.

Hata waliokaa kando ya ziwa na kufaulu walikuwa na safari ndefu mbele yao. Kati ya 1971 na 1981 vyuo vikuu vyote viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, chenye kampasi tatu: Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu kilikuja baadaye, mwaka 1989. Mtu mwenye kazi na familia Fizi hakuweza kusema nitasoma jioni, mchana niko kazini.

Ng'ambo ya ziwa walifikiri tofauti

Wakati huo huo, jirani zetu wa Tanzania walijaribu njia nyingine. Novemba 1974, huko Musoma, chama cha TANU kiliamua kwamba kijana asiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka sekondari. Kwanza afanye kazi angalau miaka miwili, na watu wa kazini kwake watoe maoni juu ya mwenendo wake. Azimio hilo lilikuwa na kasoro zake na masharti yalilegezwa baada ya muda mfupi. Lakini tuangalie fikra yake: kazi ilihesabiwa kuwa sehemu ya maandalizi ya masomo. Kwetu kazi ilibaki kuwa kizuizi. Ukishaanza kuajiriwa, umehesabiwa umetoka shuleni.

Prime, vita na kambi

Miaka ya 1990 ilizidisha mzigo. Mishahara ya walimu ilipoanguka, wazazi walianza kulipa prime ili shule zisifungwe. Mtoto ambaye mzazi wake alikosa prime alirudishwa nyumbani, na wengi hawakurudi tena darasani. Elimu ya msingi bila malipo ilikuja mwaka 2019, ila sekondari bado ni mfuko wa mzazi.

Kisha vita vya 1996 na 1998. Maelfu ya watu wetu walivuka ziwa hadi Kigoma. Katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, walimu wakimbizi waliendelea kufundisha programu ya Congo. Kuanzia 2005 meli kutoka Kigoma zilianza kuwarudisha watu hadi Baraka. Walioondoka wakiwa watoto walirudi wakiwa na watoto wao. Ilibidi wajenge nyumba, walime, watafute kazi, na baada ya hapo ndipo wafikirie Exetat.

Kurudia mtihani ni kufanya nini hasa

Autodidakti hana shule ya kumwandikisha. Anajiandikisha mwenyewe, analipa mwenyewe, na anaanza na mtihani wa kumchuja kabla ya kukubaliwa. Kisha kuna insha ya Kifaransa, na baadaye siku nne za maswali ya kuchagua jibu: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha na masomo ya mchepuo wake.

Kigumu zaidi mara nyingi ni Kifaransa. Mtu anayeuza sokoni Baraka au anayefanya kazi Misisi hutumia Kiswahili na Kibembe kutwa nzima. Miaka mitano bila kuandika ukurasa mmoja wa Kifaransa inatosha kumfanya aonekane hajui hata yale anayoyajua. Kuna wanaoanguka wakifikiri hawana akili, kumbe wamekosa mazoezi ya lugha.

Na kinachotafutwa si sifa. Katika elimu, mwalimu mwenye D4 na mwenye D6 hawako ngazi moja hata kama wanafundisha darasa lile lile kwa ubora ule ule. Mhudumu wa afya asiye na diploma hawezi kwenda kusomea A1. Karatasi moja inaamua mshahara, ngazi na mlango wa chuo.

Tunachoweza kufanya

Mlango wa autodidakti ndio unaofanya Exetat iwe ya haki katika eneo kama letu, ambapo vita na umaskini vimekata masomo ya kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo tuulinde. Wakubwa wa shule na vituo vya afya wampe mfanyakazi ruhusa ya siku za mtihani bila kumkata. Shule za sekondari za Baraka, Fizi-centre na Mboko zifungue darasa jioni mara moja au mbili kwa wiki kwa ajili ya insha ya Kifaransa peke yake. Anayejiandaa asimwamini mtu anayemwomba pesa ili "ampangie" majibu: pesa itapotea, na yeye atabaki bila maarifa na bila diploma.

Na sisi majirani, siku matokeo yakitoka, tumwagie poda pia yule baba au mama wa miaka 40. Kama hakupata safari hii, tumwulize swali moja la heshima: mwaka kesho tukusaidie wapi?