Jaji wa Nakuru na Kalamu ya Rais

Wasee wa Nax, mnakumbuka ile stori ya majaji 40? Wengi tuliiona kwa simu tukaipita. Lakini mmoja wao alikuwa wa hapa kwetu, Joel Ngugi wa Mahakama Kuu ya Nakuru. Na ukitaka kuielewa vizuri, rudi kwanza Eldoret ya 1987.

Enzi hizo tulikuwa na majaji kutoka Uingereza walioajiriwa kwa kandarasi. Kandarasi ikiisha, serikali ndiyo inaamua kama utaongezewa. Mmoja aliitwa Derek Schofield. Alipata kesi ya Stephen Mbaraka Karanja, jamaa aliyepigwa risasi akiwa mikononi mwa polisi. Schofield akaamuru: leteni mwili. Makaburi yakafukuliwa Eldoret, mwili wa Karanja haukupatikana. Jaji akazidi kubana. Jaji Mkuu Cecil Miller akamtoa kwa hiyo kesi, akataka kumpeleka Meru. Schofield akajiuzulu.

Utasema shida ni kandarasi. Basi 1988 Bunge, KANU tupu, likabadilisha katiba ili rais aweze kuwafuta hata majaji wa kudumu. Yaani jaji akawa kibarua tu. Ulinzi wao ulirudishwa 1990.

Katiba ya 2010 ilipaswa kufunga huo mlango: Tume ya Huduma za Mahakama inahoji na kupendekeza, rais anateua. Kipengele cha 166 hakina neno "akipenda". Julai 2019 tume ikapeleka majina 41. Uhuru Kenyatta akayakalia, akisema baadhi yao wana doa la uadilifu. Februari 2020 Mahakama Kuu ikamwambia hana hiari hapo. Bado akakaa ngumu. Harrison Okeche alifariki akingoja, ndiyo 41 wakawa 40.

Na hii haikuwa vita ya wakubwa peke yao. Kati ya wale 41, 20 walikuwa wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ardhi, manze! Nenda Molo, Njoro, Subukia, uulize guka yeyote kesi ya shamba imekula miaka mingapi. Karibu miaka miwili hao majaji walikuwa wameshapatikana, wamehojiwa, wanangoja sahihi tu.

Mei 13, 2021, majaji watano wakaizima BBI. Ngugi na George Odunga walikuwa kati yao. Wiki tatu baadaye Uhuru akateua 34 na kuacha sita. Ngugi nje. Odunga nje. Wanne wengine hawakuhusika na uamuzi huo, kwa hivyo siwezi kuwaapia kwamba ilikuwa kisasi. Ila swali langu ni moja: kama walikuwa na doa, mbona waliendelea kuhukumu? Ngugi alibaki tu kazini akisikiza kesi za watu. Doa gani hilo linakufungia Mahakama ya Rufaa lakini Mahakama Kuu ni sawa?

Septemba 13, 2022, siku aliyoapishwa, Ruto akateua wale sita. Kesho yake wakala kiapo, miaka mitatu na miezi miwili tangu majina yatumwe.