Gitaa lenye mgongo wa udi: wasemavyo wenye Ovation wa Nakuru

Mzee mmoja wa Kisauni amenipigia simu. Kijana wake aliye kazini Nakuru ataka kuuza pikipiki, na ndiyo riziki yake, ili anunue gitaa la Ovation lililotumika. Baba mtu aniuliza mimi kwa kuwa nimeishi mji ule miaka mitatu na nina jamaa wapigaji: gitaa hilo lina thamani ya pikipiki, au mtoto karogwa? Nimewauliza wenye nalo.

Kwanza gitaa lenyewe. Sisi wa pwani hatuna haja ya kuelezwa sana, maana mgongo wake ni wa duara kama wa udi. Ila mgongo wa udi huundwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyokunjwa na kuunganishwa, na huu wa Ovation ni bakuli moja la faibaglasi, ambalo wenyewe huliita Lyrachord. Aliyelianzisha ni Charles Kaman wa Connecticut, Marekani, mtengenezaji wa helikopta na mpiga gitaa pia. Kazi ya helikopta ilimfunza mambo ya mtetemo, na mwaka 1966 gitaa la Ovation likatoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 likawekwa kinasa sauti kidogo pale penye daraja, chini ya mfupa unaobeba nyuzi. Waya ukachomekwa moja kwa moja kwenye amplifaya, maikrofoni ikawekwa kando. Glen Campbell, mwimbaji aliyekuwa na kipindi chake cha televisheni, alilipiga mbele ya Wamarekani, na jina likaenea.

Nakuru ina sababu yake ya kulipenda. Kule kuna mugithi, neno la Kikuyu lenye maana ya gari moshi, kwa vile wachezaji hushikana mstari kama mabehewa. Mara nyingi muziki huo hubebwa na mtu mmoja na gitaa lake, usiku kucha. (Mambo ya ndani ya baa nawaachia wenyewe, mimi nimewakuta mchana.) Mpigaji asiye na bendi nyuma yake ahitaji gitaa lisilopiga yowe spika zikipandishwa sauti. Mmoja azungukaye Gilgil, Naivasha na Njoro aliniambia gitaa lake la zamani, la mbao tupu, lilikuwa likivuma kama nyuki kila akikaribia spika. Hili lamvumilia. Mwengine, mpigaji wa kanisani, asifu ugumu wake: lilianguka kutoka buti ya matatu, mgongo usipate hata ufa.

Lawama nazo zipo. Bila umeme sauti yake ni nyembamba, haswa yale ya bakuli lenye kina kifupi. Ukikaa, lateleza mapajani. Wapigaji wa udi watalijua tatizo hilo. Wengi hulipiga wamesimama, mkanda begani, na mmoja kabandika kipande cha mpira nyuma.

Lawama kubwa ni ile ambayo wauzaji hawaitaji. Mgongo ni faibaglasi, lakini uso, kwa magitaa mengi ya Ovation, ni mbao ya sprusi, jamaa ya msonobari. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na Januari na Februari hewa hukauka. Mbao hunywea, bakuli halinywei. Uso hupasuka, au daraja huanza kubanduka. Ukiliacha ndani ya gari juani, ndiyo hatari zaidi. Na likitoka Mombasa kwenye unyevu wetu, likifika kule liachwe ndani ya sanduku lake siku nzima kabla ya kukazwa nyuzi.

Kwa hiyo jibu langu kwa mzee lilitegemea jambo moja: je, kijana hulipwa kwa kupiga jukwaani? Kama analipwa, gitaa hilo litamlisha. Kama ajifunzia chumbani, pikipiki ibaki. Gitaa la mbao la bei ndogo litamtolea sauti tamu zaidi.

Akinunua, asome jina vizuri. Celebrity na Applause si bandia, ni ndugu wa bei nafuu wa Ovation, na mengi yametengenezwa Asia. Asilipie Celebrity bei ya Ovation ya Connecticut. Applause za mwanzo, za miaka ya 1970, zina shingo ya alumini ambayo vizuizi vyake vimeundwa pamoja nayo. Vikilika havibadiliki, kwa hivyo aziepuke.

Alikague mchana. Apitishe karatasi nyembamba ukingoni mwa daraja. Ikiingia chini, gundi imeachia. Alichomeke kwenye amplifaya na kupiga uzi mmoja mmoja, kwani kinasa sauti kikichoka huanza kwa kunyima uzi mmoja. Abebe betri yake mpya ya volti 9, asiambiwe kuwa iliyomo ndiyo mbovu. Ufa wa mgongoni usimtishe sana: fundi wa boti za faibaglasi aweza kuuziba. Ufa wa usoni wataka fundi wa magitaa, na gharama yake iondolewe kwenye bei kabla hajatoa pesa mfukoni.