Ol Doinyo Lengai na Mto Engare Sero

Mbele yako ni Ol Doinyo Lengai, yaani “Mlima wa Mungu” kwa Kimaasai. Una urefu wa takribani mita 2,960, na ndio volkano hai pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya magadi. Lava hiyo hutoka nyeusi na nyepesi, ikiwa na nyuzi joto 500 hadi 600 za Selsiasi, nusu tu ya joto la lava ya kawaida. Ikipata unyevu hugeuka nyeupe.

Kupanda mlima
Safari huanza usiku wa manane ili kukwepa jua na kufika kileleni alfajiri. Njia ni mwinuko mkali wenye majivu yanayoteleza. Panda na mwongozaji, na kaa mbali na ukingo wa kreta: mlima ulilipuka kwa kishindo mwaka 2007.

Kufuata mto
Ukipita kwenye korongo la Mto Engare Sero, huku ukivuka maji mara kwa mara, utafika kwenye maporomoko yake.

Nyayo za kale
Karibu na Ziwa Natron, majivu yaliyoganda yamehifadhi nyayo zaidi ya 400 za watu wa kale. Ziangalie, usizikanyage. Ni urithi wetu sote.